Mwashi Asiye na Karatasi: Shauri kwa Wanaotafuta Kazi ya Kudumu

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, watu wengi hutoka Mukuru na Kibera wakashika njia kwa miguu kwenda Industrial Area, mjini Nairobi. Wakifika husimama mbele ya malango ya viwanda. Lango likifunguliwa nyapara hutoka, akawatazama, akawanyoshea kidole kumi au ishirini, na waliobaki hurudi makwao au huenda kujaribu lango jingine. Mombasa hali ni hiyo hiyo, katika Shimanzi na Changamwe. Waliochaguliwa hufanya kazi mpaka jioni, hupokea ujira wao, na kesho yake husimama tena mahali pale pale kana kwamba hawajapata kuonekana hapo hata siku moja.

Kazi ya namna hii twaiita kibarua, na yafaa msomaji akumbuke asili ya neno hilo. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho alidai ujira wake. Jina limebaki mpaka leo lakini karatasi imetoweka, na hasara ya kutoweka kwake humwangukia mfanyakazi peke yake.

Tumfikirie mwashi mmoja, ambaye mfano wake si mgeni kwa mtu yeyote aliyepata kukaa karibu na mahali pa ujenzi. Alianza akiwa na umri wa miaka 18, akikoroga saruji na kubeba mawe. Alijifunza uashi kwa kuwatazama wakubwa wake. Akanunua mwiko wake, kisha timazi, kisha pima maji. Miaka kumi na miwili ikapita, na leo hakuna kona ya nyumba inayomshinda. Basi jengo kubwa likaanzishwa mjini, na kampuni ikatangaza kwamba inataka waashi wa kuandikwa kwa mwezi. Mwashi wetu akaenda asubuhi na mapema, na zana zake begani.

Msimamizi, ambaye ni kijana kuliko yeye, akamwuliza kwa adabu: "Mzee, cheti chako kiko wapi?"

"Cheti changu ni ile nyumba ya ghorofa unayoiona pale, Bwana. Kuta zake nilizijenga mimi."

"Nani atakayekushuhudia?"

Mwashi akataja jina la msimamizi wake wa zamani, lakini msimamizi yule alihama. Akataja jina la mwenye kandarasi, lakini namba yake ya simu haipatikani tena. Akaambiwa kwamba ikiwa anataka, ipo nafasi ya kubeba mawe. Na kijana wa miaka 23, mwenye cheti cha ufundi cha daraja la pili, akawekwa ukutani.

Wengine watasema kwamba kijana amependelewa. Sisi hatusemi hivyo. Msimamizi hawezi kuujua uashi wa mtu kwa kumtazama usoni, naye ana wakubwa wake watakaomwuliza ukuta ukipinda. Wala hatusemi kwamba mwashi si fundi. Ni fundi hasa. Kosa ni kwamba miaka kumi na miwili ya kazi yake imekaa katika kumbukumbu za watu waliotawanyika, na hakuna hata siku moja ya miaka hiyo iliyoandikwa mahali anapoweza kuifikia.

Je, mtu wa namna hii afanye nini? Jambo la kwanza ni kuujaribu ufundi wake mbele ya wakaguzi. Katika Kenya kazi hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ijulikanayo kwa herufi zake za NITA, ambayo iliundwa katika umbo lake la sasa kwa sheria ya mwaka 2011. Ina vituo vyake Nairobi, Athi River, Kisumu na Mombasa, na mitihani hufanywa pia katika vyuo vya ufundi vilivyokubaliwa. Vyeti vya mitihani hii vina madaraja matatu. Fundi huanza na daraja la tatu, hupanda la pili, kisha la kwanza. Mtihani wenyewe hasa ni kazi ya mikono: mwashi hupewa mawe, mchanga, saruji na kipimo, akaambiwa ajenge, na mkaguzi hupima. Mtu aliyejifunza kazi kwa jua kali, ambaye hajapata kukaa katika darasa la ufundi hata siku moja, anaweza kuuomba mtihani huu. Watu wengi hawalijui jambo hili. Hudhani cheti cha ufundi ni mali ya waliopita chuoni tu, na kwa kudhani hivyo huishi miaka ishirini bila kuuliza.

Cheti hicho kina nguvu katika mshahara pia, maana Amri ya Mishahara inayotolewa na Serikali, yenye kuweka kiwango cha chini anachoweza kulipwa mfanyakazi, huwataja mafundi kwa madaraja yao. Mfanyakazi wa kawaida ana kiwango chake. Fundi asiye na daraja ana chake. Kisha hufuata wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, kila mmoja juu ya mwenzake. Viwango hivyo hubadilishwa mara kwa mara, basi ni vizuri kuuliza cha sasa katika ofisi ya kazi iliyo karibu nawe. Lakini ngazi yenyewe ni ile ile, na mtu hapandi ngazi asiyoweza kuonyesha kwamba ni yake.

Ada ya mtihani huwatisha wengi, na ni kweli kwamba fedha zenyewe si haba kwa mtu wa kibarua. Walakini lipo jambo moja ambalo mfanyakazi aliyeandikwa hupaswa kulifahamu. Sheria humtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi wake katika mfuko wa mafunzo ya viwanda, na shilingi hizo hazikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri aliyelipa anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama anapowapeleka watu wake kufunzwa. Kwa hiyo fundi anayemwendea mwajiri wake kwa heshima na kuomba apelekwe mtihani haombi sadaka. Huenda fedha zimekwisha kulipwa kwa ajili yake.

Jambo la pili ni barua ya utumishi. Hapa tutakawia kidogo, kwa sababu katika haki zote za mfanyakazi hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo haina gharama yoyote.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kazi ikiisha, mwajiri sharti ampe mfanyakazi hati inayoonyesha jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza kazi, kazi aliyokuwa akiifanya na mahali alipoifanyia, na siku aliyoacha. Haijalishi kama mfanyakazi aliacha mwenyewe, au alipunguzwa, au walikosana. Wasiopaswa kupewa ni wale tu ambao kazi yao haikutimiza majuma manne mfululizo. Mwajiri anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeandika jambo analolijua kuwa ni uongo, amefanya kosa. Akishitakiwa na kupatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Msomaji aangalie vizuri mambo yaliyomo katika hati hiyo. Hayamo maneno ya kumsifu mfanyakazi wala ya kumlaumu. Sheria haimlazimishi mwajiri kuandika habari za tabia ya mtu. Akitaka kuandika barua ya sifa, hiyo ni hisani yake. Hati ya utumishi hueleza tu kwamba mtu huyu alikuwa hapa, akifanya kazi hii, tangu siku ile mpaka siku hii. Mwashi wetu angekuwa na hati nne za namna hiyo, angezitoa mfukoni, na mazungumzo yake na msimamizi yangekuwa mengine.

Wazee wetu wana sababu ya kuziogopa karatasi za kazi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande. Kipande kilikuwa na alama za vidole vyake, na ndani yake mwajiri aliandika kazi na mshahara, akatia sahihi mtu alipoanza na alipoacha. Watu walikichukua katika kijisanduku cha bati kilichotundikwa shingoni. Aliyeondoka kazini bila sahihi ya bwana wake aliweza kutafutwa na kuadhibiwa kama mtoro. Harry Thuku na wenzake waliupinga utaratibu huo tangu mwaka 1921, na haukuondolewa mpaka mwaka 1947. Karatasi ile iliandikwa kwa faida ya mwajiri, na mfanyakazi alilazimishwa kuibeba. Hati ya utumishi ya leo ni ya mfanyakazi mwenyewe: huiomba akitaka, humwonyesha amtakaye, na hakuna askari anayeweza kumsimamisha njiani akamwuliza iko wapi. Si haki kuichukia hii kwa ajili ya dhambi za ile.

Basi siku ya mwisho ya kazi, kabla ya kuagana, mrudishie mwajiri zana na sare zake, umwachie mwenzako kazi ikiwa katika hali nzuri, kisha iombe hati yako. Siku hiyo ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Baada ya mwaka mmoja karani atakuwa amebadilika na daftari limehamishwa. Na ikiwa unaondoka kwa hiari, toa taarifa ya mwezi kama unalipwa kwa mwezi. Wako mafundi hodari wanaotoweka siku ya mshahara bila kuaga, kisha wanashangaa kwamba kila mwenye kandarasi wa mji ule amekwisha kusikia habari zao.

Lakini vipi yule wa langoni, ambaye huitwa asubuhi na kulipwa jioni? Yeye pia sheria haikumsahau, ingawa waajiri wengi wangependa asijue. Kibarua, kwa maana ya sheria, ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na ambaye hakuandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ikiwa mtu huyo amefanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au amepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, basi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na hawezi kuachishwa bila taarifa. Na mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe. Kuuandika ni juu ya mwajiri, na kama mfanyakazi hajui kusoma, mwajiri sharti ahakikishe kwamba ameelezwa yaliyomo kwa lugha anayoifahamu kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Shauri likifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuuleta mkataba huo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa humwangukia yeye.

Hata hivyo, ni lazima siku zenyewe zijulikane. Nani atakayezihesabu? Daftari la nyapara liko kwa nyapara. Kwa hiyo kila mtu wa kibarua na awe na daftari lake mwenyewe, lile dogo la wanafunzi linalouzwa dukani. Kila jioni aandike tarehe, mahali, jina la msimamizi, kazi aliyoifanya na fedha alizopokea. Mistari miwili yatosha. Akilipwa kwa simu, ujumbe wa malipo asiufute. Akimaliza ukuta, au mlango wa chuma, au kabati, aupige picha kwa simu kabla haujapakwa rangi, maana rangi huficha kazi nzuri na mbaya pia. Na karatasi yoyote anayotia sahihi aipige picha papo hapo. Mwandishi wa maneno haya amewaona watu waliohifadhi tiketi za matatu za mwaka uliopita lakini hawawezi kusema ni mwezi gani walianza kazi wanayoifanya sasa.

Kwa vijana waliotoka shuleni mwaka huu twasema machache, kwa sababu wao hawajapoteza kitu bado. Wengi hukaa nyumbani wakingojea kazi ya mezani, na barua za maombi huandikwa kwa mamia bila jibu. Tatizo hili si jipya. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza waendao shuleni watafanya nini baada ya shule, na kutokana na taarifa hiyo vilianza vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini. Leo vyuo vya namna hiyo viko chini ya serikali za kaunti, navyo huwapokea hata waliopata alama za chini kabisa katika mtihani wa KCSE. Na mafunzo ya ufundi yenyewe ni ya zamani kuliko hapo: chuo cha Kabete, ambacho leo ni chuo kikubwa cha kitaifa cha ufundi, kilifunguliwa mwaka 1924. Kijana anayechagua chuo na aulize mambo mawili tu kabla ya kulipa. Je, chuo hiki kimeandikishwa na Serikali? Na je, mwisho wa mafunzo nitafanya mtihani wa nani? Cheti kinachotambuliwa na chuo chenyewe peke yake hakitambuliwi popote.

Ziko kazi ambazo bila karatasi si shida tu, bali ni hatia. Kutia nyaya za umeme katika nyumba ni mojawapo. Fundi wa umeme hana budi kupata leseni kutoka kwa EPRA, mamlaka ya Serikali inayosimamia mambo ya nishati. Leseni zake zina madaraja: C2 ndilo la chini, kisha C1, kisha B, na juu yao A. Mafundi wa umeme wa jua wana leseni zao za peke yao, T1 mpaka T3. Aliyejifunza kwa kumsaidia mtu mwenye leseni yuko katika njia nzuri, mradi asikubali kubaki msaidizi milele.

Wala fundi asidhani kwamba cheti cha leo kitamtosha mpaka uzee. Katika karakana za reli za Nairobi walikuwako mafundi waliozijua injini za mvuke kama wanavyowajua watoto wao. Injini za dizeli zikaja, na kufika mwanzo wa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha katika safari za kila siku. Waliokubali kujifunza dizeli walibaki na kazi. Mwaka 2017 ikaja reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, na mambo yakabadilika tena. Fundi wa magari wa sasa, ambaye hawezi kusoma mashine ya kupimia hitilafu za gari, yuko mahali alipokuwa yule wa mvuke.

Onyo moja juu ya mawakala. Kazi ikitangazwa, na anayetangaza akataka atumiwe fedha kwa simu kwanza ili "afungue faili" au "alipe daktari", simama hapo. Kwa kazi za nje, hasa za nchi za Ghuba, kila wakala wa Kenya sharti awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na orodha ya walioandikishwa iko wazi kwa kila mtu. Ulizia jina lake katika orodha kabla ya kutoa pasipoti yako. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukupa jibu. Na mkataba wako uache nakala yake nyumbani, kwa mtu anayejua kusoma.

Turudi kwa mwashi wetu. Yeye bado ni mtu wa makamo, na nguvu anazo. Akiubeba mzigo wa mawe kwa miezi mitatu huku akiandika daftari lake, akaweka akiba kidogo ya ada katika chama au katika ushirika wa akiba na mikopo, anaweza kuufanya mtihani wa daraja la tatu kabla jengo halijafika ghorofa ya pili. Ukuta wa mtihani hautamshinda. Na waajiri wake wa miaka ya karibuni, wale wanaoweza kupatikana, awaendee sasa kuomba hati zake, maana sheria humtaka mwajiri azihifadhi habari za mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya kazi kuisha.

Akikataliwa, au ikiwa msomaji mwingine ameachishwa kazi bila haki, mahali pa kwenda ni ofisi ya afisa wa kazi, ambayo hupatikana katika makao makuu ya kaunti. Aende na kitambulisho, daftari lake, ujumbe wa malipo na picha. Lakini asikawie. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa huyo katika muda wa miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa, na shauri la mahakamani juu ya mkataba wa kazi lisipofunguliwa katika miaka mitatu halisikilizwi.